Mia Mbili Juu ya Chumvi

Mimi ni mkulima wa ngano, na shamba limenizoesha mambo mengi. Nimeona nzige wakifunika jua na nimeona moto ukiruka barabara kama mbuzi. Lakini nikianza kusimulia habari za mke wangu Glenys na ile Subaru yake, hutoa leso, na watu hudhani ni mafua.

Gari lenyewe tulilikuta kwa jirani yetu Col Kleinig. Lilikuwa stesheni wagoni kuukuu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lililoachwa na muuguzi wa wilaya alipohamia mjini. Col alikuwa amelifanya banda la kuku. Jogoo alilala kwenye usukani, mitetea walitaga kiti cha nyuma, na kutu ilikuwa imekula sakafu hata nyasi zikaota ndani. Glenys alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, jinsi anavyozunguka kondoo dume kwenye mnada.

"Col, hili banda lako unaliuza?"

"Shemeji, lichukue bure. Ila kuku siwatoi, wamelipa kodi mpaka Krismasi."

Tulilivuta hadi nyumbani kwa trekta. Nilidhani anataka injini ya pampu ya maji. Kumbe.

Lazima nieleze Glenys ni nani. Ni mtoto wa upande wa migodi ya shaba, ukoo wa Trezise, watu wafupi wenye vifua vipana waliokuja zamani kuchimba. Alipoolewa nami hakujua hata kuwasha tochi ya kuchomelea. Kisha mwaka wa kwanza mashine ya kuvunia ikavunjika katikati ya mavuno, fundi wa karibu akawa mbali mwendo wa nusu siku, nami nikakaa chini nikashika tama. Yeye akasoma maandishi kwenye mtungi wa gesi, akavaa miwani yangu ya giza, akachomelea. Mshono wake ulikuwa mbaya kama uji uliomwagika, lakini ulishika hadi gunia la mwisho. Tangu siku hiyo banda la zana likawa lake, na mimi nikawa mgeni ninayebisha hodi.

Hamu ya ziwa ilikuwa imempata kabla ya hapo, akiuza pai. Kila mwaka kina mama wa wilaya yetu hupeleka chakula Gairdner, lile ziwa la chumvi ambako wendawazimu wa mwendo kasi hukusanyika mwisho wa kiangazi. Mwaka mmoja zamu ilimwangukia Glenys. Alirudi na makasha matupu, akaweka birika jikoni, akakaa akilitazama hadi maji yakachemka na kuisha.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Royce, nimeona gari likienda mpaka likayeyuka. Lilikuwepo, kisha halikuwepo, na mlio wake bado unakuja."

"Ndiyo?"

"Nataka mia mbili."

"Mia mbili ya nini?"

"Kilomita kwa saa. Kwa gari nitakalolitengeneza mwenyewe, niliendeshe mwenyewe, pale pale."

Nilicheka. Yeye akaenda kuosha makasha, nami nikalisahau jambo hilo hadi lile banda la kuku lilipofika nyumbani.

Basi nikaanza kuona maajabu ndani ya banda langu mwenyewe. Alikata sakafu yote iliyooza akashona bati jipya, na safari hii mishono ilikuwa laini kama ya fundi cherehani. Alitoa injini ya zamani, akaleta nyingine yenye turbo ya kuisukumia hewa, kutoka gari lililopinduka huko barabara kuu, akaifungua yote juu ya meza tunayokatia nyama ya kondoo. Bomba la kuingizia hewa alilitengeneza kwa mirija ya mashine ya kupandia ngano. Hewa ya turbo hutoka ya moto, nayo hutaka kupozwa, kwa hiyo akafunga nyuma ya kiti chombo changu cha kunyunyizia dawa ya magugu, kile cha kubeba mgongoni, kirushe maji mbele kila anapobonyeza kitufe. Nilikitafuta chombo hicho msimu mzima. Nilipouliza, alisema, "Magugu yako yatasubiri."

Sijui kama mtu asiyekaa na jambo kama hili analielewa. Unaamka asubuhi, unakwenda kulisha mbwa, unapita mlango wa banda, unamwona mwanamke uliyekula naye miaka yote hiyo amelala chini ya gari, miguu tu nje, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na juu yake kitu ambacho jana kilikuwa vyuma leo kina umbo. Nilikuwa nasimama pale na ndoo mkononi, domo wazi. Nilimwoa binti nikadhani namjua. Siku alipokiwasha kwa mara ya kwanza, mbwa wote wawili walikimbilia chini ya tangi la maji, na mimi, nasema bila aibu, machozi yalinitoka. Haikuwa kelele tu. Ilikuwa kelele yenye mpango.

Kilichombana ni mvua. Gari lilipokuwa tayari mara ya kwanza, ikanyesha na ziwa likajaa, mashindano yakafutwa. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Ziwa la chumvi likishika maji huchukua muda mrefu kukauka na kuwa gumu tena. Wakati huo huo goti lake la kushoto likaanza kukataa. Daktari alimwambia waziwazi kwamba atalikata na kuweka la chuma, na baada ya hapo asahau klachi nzito kama ile aliyoifunga.

Kisha ukaja ukame. Misimu mitatu mfululizo tulipanda kwenye vumbi tukavuna vumbi. Tuliuza kondoo wengi, waliobaki tukawalisha kwa mkono, nyasi kavu zilizonunuliwa kutoka jimbo jingine. Kila jioni wanaume wa wilaya walisimama nje ya duka wakitazama magharibi, mvua ya kwetu inakotoka. Na ziwa, kwa ukame huo huo, lilikauka likawa gumu kuliko wazee wanavyokumbuka. Kilichotuua sisi ndicho kilichompa yeye njia.

Aliona haya. Nilijua, kwa sababu aliacha kuimba. Asubuhi moja, akinipakia mkate na nyama baridi ya kondoo, alisema bila kunitazama:

"Royce, nikikwambia kitu hutanifukuza?"

"Inategemea. Umeunguza nini?"

"Naomba isinyeshe. Mpaka nimalize mbio zangu tu. Halafu inyeshe tuogelee."

"Mama we, mimi naomba inyeshe hata dakika hii. Sasa ngoja tuone huko juu nani anasikilizwa."

"Ukisikilizwa wewe sitakununia."

"Utaninunia."

"Kidogo," akakubali.

Tulifika ziwani na gari juu ya tela, Col nyuma yetu na Subaru yake ya shambani, ndugu wa ile ya Glenys lakini iliyojaa nywele za mbwa. Mimi nilikuwa sijawahi kufika. Miaka arobaini naishi upande huu na sikuwahi kuona sababu ya kwenda kutazama chumvi. Jamani. Tulipanda kilima cha mwisho cha mchanga mwekundu, na mbele yetu dunia ikaisha. Ilikuwa nyeupe, basi, nyeupe hadi mwisho wa macho, hakuna jiwe, hakuna mti, na vilima vya ng'ambo vilikuwa vinaelea hewani bila kugusa chini. Nilivua kofia. Sijui kwa nini, nilivua tu, na nilipogeuka nikaona Glenys naye amevua.

Masharti ya pale ni makali, na hayajaandikwa kwa ajili ya mapambo. Wenye ziwa ni watu wa asili wa milima ya Gawler, na asubuhi ya kwanza mama mmoja wao alisimama mbele yetu akatuambia kwa maneno machache: mmekaribishwa, msilichane. Kwa hiyo unafuta matairi kabla ya kukanyaga. Gari likisimama, chini yake kuna turubai, tone la oili lisiguse chumvi. Na sharti kubwa kuliko yote ni la mvua. Tone la kwanza likikugusa, mguu unatoka kwenye mafuta, hata kama uko katikati ya mbio, hata kama uko peke yako huko mbali. Chumvi iliyolowa hulainika, na tairi la kasi hulichana ziwa mchano unaobaki miaka.

Wakaguzi waliliangalia gari la Glenys kwa muda mrefu. Mkubwa wao, bwana mmoja mrefu aitwaye Vaughan, ndiye pia anayeruhusu magari kuondoka. Alikishika kile chombo cha magugu.

"Mama, hiki ni nini?"

"Kiyoyozi," akajibu Glenys.

Walicheka wote, wakampitisha.

Asubuhi ile mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Ilikuwa asubuhi ya mia mbili, kila mtu alisema hivyo. Na ndipo likajitokeza kosa la mke wangu, ambalo asingelifanya mtu yeyote isipokuwa mtu wa ngano. Kule nyumbani alikuwa amefunga nyuma matairi makubwa mawili, ili gari lipate mwendo zaidi kwa mzunguko ule ule wa injini. Ya mbele akaacha madogo. Sisi sote tulimsaidia kuyafunga na hakuna aliyeshtuka. Maisha yetu yote tumekaa kwenye trekta lenye matairi madogo mbele na makubwa nyuma, na yote manne yanavuta. Gari la kuvuta kwa yote manne lingekuwaje vingine?

Aliondoka. Nusu kilomita hivi, sauti ikabadilika. Gari likawa linanguruma kama ng'ombe aliyefungwa kamba, halichanganyi, kisha likapunguza na kutoka kando ya njia kwa adabu. Tulipomfikia harufu ya kuungua ilitupokea kabla yake. Alikuwa ameketi na kofia ya mbio magotini.

"Imefungana," akasema. "Mbele inataka kwenda mwendo wake, nyuma wake, na difu ya katikati, inayoyagawia nguvu, inapigwa na wote wawili."

"Lakini trekta..." Col akaanza.

"Kwenye trekta gia za mbele zimekatwa kwa ajili ya tairi dogo, Col. Hapa hazikukatwa. Nimefungua giaboksi hii kwa mikono yangu, nimehesabu meno ya gia, halafu nikaja kuifunga kama trekta! Mjinga mimi!"

Akapiga usukani kwa ngumi. Sikuwahi kumwona akipiga kifaa.

Matairi yake ya nyuma ya kawaida tulikuwa tumeyaacha nyumbani, mbali mno. Col alikuna kidevu, akatazama gari lake la shamba, akatazama la Glenys.

"Saizi moja," akasema kwa huzuni.

"Col, nitakuomba..."

"Usiniombe, shemeji, utaniliza. Chukua yote manne, yamelika sawasawa. Mimi nitarudi nyumbani kwa miguu, nimekuwa mnene."

Kwa hiyo Subaru ya Col ikapandishwa kwa jeki juu ya magogo, ikakaa kama kuku anayeatamia, na mbwa wake akakataa kushuka. Glenys alitandaza turubai mbili, akamwaga oili ya giaboksi, nayo ilitoka nyeusi. Aliichovya kidole, akainusa, akaisugua kuona kama kuna vumbi la chuma. Akatia mpya. Akasikiliza kwa bisibisi ndefu sikioni huku mimi nikizungusha gurudumu kwa mkono. Goti lilikuwa limemvimba hata nikaona suruali imembana, lakini nilipomwambia apumzike alinijibu, "Nitapumzika nikiwa na goti la chuma." Watu wa magari mengine walikuja na chai, na keki za nazi, na spana zao, wakakaa. Magari ya mamilioni yalikuwa pale, yenye umbo la risasi, na wenyewe wamechuchumaa kuangalia bibi wa miaka sitini na kitu akifunga nati za banda la kuku. Sikuona anayetabasamu kwa dharau. Waliangalia jinsi mimi nilivyokuwa naangalia mlangoni na ndoo yangu.

Alipomaliza ilikuwa alasiri. Na magharibi lilikuwa limetokea wingu.

Mwanzoni nilidhani ni vumbi. Kisha nikalijua. Misimu mitatu nilikuwa nimelingoja lile wingu, tumbo lake la zambarau, pindo lake lililochanika chini ambalo ndilo mvua yenyewe. Wanaume wa ngano waliokuwa pale, na tulikuwa wengi, tulisimama mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa inatoka ng'ambo ya ziwa, inaelekea mashambani kwetu. Moyo ulinipiga kama wa kijana.

Vaughan naye aliitazama. "Naweza kuruhusu gari moja," akasema. "Zamu ni ya nani?"

Bwana wa gari la risasi ndiye aliyekuwa mbele. Alimtazama Glenys akichechemea kuingia garini, mguu wa kushoto akiuinua kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine. Akalisukuma gari lake kando.

Niliinama dirishani kumkaza mkanda.

"Unaiona?" nikamwambia.

"Naiona. Imekusikiliza wewe."

"Haijafika bado. Nenda."

"Royce, ikinyesha..."

"Nenda, mama!"

Akaenda. Safari hii gari halikunguruma kama ng'ombe. Lilipiga kelele moja ndefu iliyopanda, ikapanda, na nilipodhani imefika juu ikapanda tena. Likawa kisanduku cheusi, likawa nukta, kisha weupe ukalinyanyua kutoka ardhini, likawa linakimbia hewani, na kisha halikuwepo. Mlio bado ulikuja. Nilielewa lile birika lililochemka hadi likakauka. Yule mwanamke anayenikatia nywele jikoni alikuwa huko, ndani ya kile kitu, ndani ya ule mwanga, kwa kazi ya mikono yake tu. Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini kubwa kuliko hofu ilikuwa mshangao kwamba mtu anaweza kuwa hivi, na akawa wangu.

Ndipo tone likanipiga mkononi.

Lilikuwa nene, baridi. La pili likapiga boneti ya gari la mtu. Harufu ikaja, ile harufu ya mvua kwenye vumbi ambayo tulikuwa tumeisahau. Siku yoyote nyingine tungepiga kelele, tungerusha kofia, Col angecheza ngoma zake mbaya. Hakuna aliyesogea. Nilimwona Col amekunja ngumi zote mbili kifuani, anatazama juu, midomo inacheza. Na mimi, ambaye kondoo wangu walikuwa wakila nyasi za kununua, niliinua uso kwa lile wingu na nikasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Subiri! Subiri kidogo!"

Mlio kule mbele ukakatika ghafla. Ulikatwa kama kwa kisu, na gari likabaki linateleza tu kimya kimya huko tusikoona.

Redio ya Vaughan ikakoroma. Mtu wa vipimo akasoma: "Mia moja tisini na sita."

Nilichukua gari la msaada nikaenda kumfuata, polepole, kwenye njia ya kando yenye mikeka. Nilipofika mvua ilikuwa inashuka sawasawa. Alikuwa ametoka, ameegemea mlango, kofia ya mbio juu ya paa, nywele zimemganda usoni. Chumvi karibu naye ilikuwa imeanza kung'aa kama kioo.

"Tone moja," akasema. "Kwenye kioo, hapa, mbele ya jicho langu. Mshale wa mwendo ulikuwa bado unapanda, Royce. Gari lilikuwa bado linavuta! Nilikuwa na nafasi, nilikuwa nayo, najua."

"Ungekaza tu. Nani angekuona huko?"

"Na mchano je? Ningemwachia yule mama mchano ziwani kwake?" Akafuta pua kwa glavu. "Niliutoa mguu. Ulikuwa mzito kuutoa kuliko kuupandisha mlimani."

Alikuwa analia, na sikujua nimpoze vipi, kwa sababu mvua ile ile iliyomkata ndiyo iliyokuwa ikinitiririka shingoni kwa utamu usioelezeka. Goti lake halitaingia tena kwenye gari lile. Ziwa lingejaa, na kukauka kwake kungekuwa kwa watu wengine.

"Niliiambia isubiri," nikamwambia.

"Nani?"

"Mvua. Nilisimama mbele ya watu wa ngano wote nikaiambia isubiri."

Aliacha kulia. Alinitazama kana kwamba nimemwambia nimechoma ghala.

"Wewe? Na ukame huu? Kwa ajili ya Subaru?"

"Kwa ajili yako, mama. Kidogo tu."

Akavua glavu iliyolowa akanichapa nayo kifuani, kwa nguvu, ikatoa mlio.

"Usirudie tena ujinga huo!" akasema. "Kondoo wana njaa."

Kisha akaniegemea kwa uzito wake wote, goti lisiguse chini, nikamshika, tukasimama pale tukilowa, na hakuna kati yetu aliyetaka mvua ikome.